Wakanda Itasema Lugha Gani?

Miongoni mwa wanafunzi wetu wapo wapenzi wakubwa wa vitabu vya katuni, na sisi walimu wao, tukiulizwa pembeni, tumo. Tangu Novemba 2024, Denzel Washington aliposema hadharani kwamba mwongozaji Ryan Coogler anamwandikia nafasi katika filamu ya tatu ya Black Panther, ukumbi wetu haujatulia. Coogler mwenyewe alithibitisha mwaka 2025 kwamba hiyo ndiyo filamu yake itakayofuata. Ubishi ukazidi. Wapo wanaotaka kiti cha T'Challa, kilichobaki wazi baada ya kifo cha Chadwick Boseman mwezi Agosti 2020, kipewe mwigizaji mwingine. Wengine wanasema hapana, asubiriwe yule mtoto wake tuliyeonyeshwa mwishoni mwa filamu ya mwaka 2022, akue.

Sisi hatutaingia katika ubishi wa nani avae taji. Swali letu ni la kiidara zaidi: huyo atakayechaguliwa atasema lugha gani? Mfululizo huu una historia ya ajabu kidogo katika jambo hilo. Anayechagua mwigizaji huwa amechagua na lugha, hata kama hakukusudia.

Tukumbuke ilivyokuwa. Boseman alitangazwa Oktoba 2014, lakini alionekana kwa mara ya kwanza katika Captain America: Civil War ya mwaka 2016. Baba yake katika filamu, Mfalme T'Chaka, aliigizwa na John Kani, mzee wa jukwaa wa Afrika Kusini, ambaye lugha yake ya mama ni Kixhosa. T'Chaka hakupewa muda mrefu. Anauawa mapema, Vienna. Katika muda huo mfupi Kani akasema na mwanawe kwa Kixhosa, na Boseman akajifunza kumjibu. Maneno machache ya mfalme anayekwenda kufa yakawa sheria ya nchi nzima. Filamu ya mwaka 2018 ilipotengenezwa, Kixhosa kilikuwa tayari ndicho lugha ya Wakanda, na waigizaji wote wakafundishwa.

Hatulalamiki kwamba walichagua Kixhosa. Ni lugha hai, ina wenyewe, na waigizaji waliiheshimu kwa kujifunza. Tunalolitazama ni ramani. Marvel wameiweka Wakanda Afrika Mashariki, na baadhi ya vitabu vyao vinaisogeza hadi magharibi ya Ziwa Victoria, jirani na nchi nyingine ya kubuni iitwayo Niganda. Msomaji wa Bujumbura akiweka kidole hapo anakuta kimeangukia Kagera, au Rwanda, au karibu sana na nyumbani kwake. Kwa jiografia hiyo, lugha ya ikulu ingekuwa na udugu na Kihaya, Kinyarwanda au Kirundi.

Hata jina lenyewe linatuchokoza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akishajifunza ngeli, atakuambia kwamba Wakanda ni watu, mmoja wao ni Mkanda, lugha yao Kikanda na nchi yao ingepaswa kuwa Ukanda. Na Watanzania wana Kanda ya Ziwa, palepale. (Mkanda, bila shaka, ni wa suruali, na zamani ulikuwa pia wa video.) Hakuna ushahidi kwamba Stan Lee na Jack Kirby, walipomtoa shujaa huyu katika Fantastic Four nambari 52, Julai 1966, walikuwa na habari yoyote ya ngeli. Lakini mzaha huu umetusaidia kufundisha kuliko jedwali.

Sasa mtazame Lupita Nyong'o. Tuliposikia mwaka 2016 kwamba ataigiza nafasi ya Nakia, tulishangilia kama waliofungiwa bao na jirani yao. Mkenya, binti wa Kisumu, ziwa lilelile! Anajua Kijaluo na Kiswahili. Florence Kasumba, anayeigiza Ayo, alizaliwa Kampala. Hawa ndio waliotoka karibu zaidi na mahali Wakanda ilipo, na ndio waliolazimika kujifunza lugha ya kusini ya mbali ili wahesabiwe wenyeji. Nakia amepewa hata Kikorea katika mandhari ya Busan, na Lupita anakisema bila woga. Kiswahili hapana.

Hapa ndipo darasa letu lilipogawanyika, na mgawanyiko huo ndio uliotufanya tuandike. Wengi walidai Wakanda iseme Kiswahili, basi. Mwanafunzi mmoja wa kutoka Gitega akapinga. Mfalme, alisema, hasemi lugha ya sokoni. Umwami wetu hakusema Kiswahili na watu wake. Maneno hayo yaliwauma wenzake wa Buyenzi, nasi tunajua kwa nini: hapa mjini Kiswahili kimeitwa kwa miaka mingi lugha ya wachuuzi na wajanja, na mwenye kukisema nyumbani ametazamwa kama mgeni ingawa babu yake alizaliwa mtaa uleule. Mtu mwingine akakumbusha kwamba mwaka huohuo wa 1966, mfalme wa katuni alipozaliwa, ufalme wa Burundi ulifutwa. Chumba kikanyamaza kidogo.

Tumefikiri sana juu ya hoja ya mwanafunzi wa Gitega, na tunaona ana haki, lakini si kwa sababu aliyoitoa. Kiswahili kiliingia bara kwa misafara. Kilipita Tabora, kikafika Ujiji, kikapanda ziwa hadi huku. Wakanda ya Marvel ni nchi iliyojificha karne nyingi na haikuruhusu msafara wowote kuingia. Nchi ya namna hiyo haiwezi kuwa na Kiswahili ndani ya ikulu yake. Kingekuwa huko, kingekuwa pambo tu, kama majina ya Simba, Rafiki na Pumbaa katika The Lion King ya mwaka 1994, ambamo wenye majina wanazungumza Kiingereza karibu muda wote.

Lakini mwishoni mwa filamu ya kwanza T'Challa anasimama Umoja wa Mataifa na kuifungua nchi. Nchi ikifunguliwa ina mpaka, na mpaka wa huku una sauti yake: kuna mwenye pikipiki, kuna mama wa mboga, kuna askari anayeuliza karatasi. Hao hawatasema Kixhosa. Na Nakia, ambaye kazi yake tangu zamani ni upelelezi wa nje, alipaswa kukijua Kiswahili kabla ya Kikorea.

Kwa hiyo tunasubiri majina ya waigizaji kwa namna tofauti na wenzetu. Jina la mfalme litatangazwa kwa kishindo, litajadiliwa, litatosha. Sisi tutasoma orodha kutoka chini. Kixhosa kilipenya kwa mzee mmoja mwenye nafasi ndogo. Mwaka 1983, katika Return of the Jedi, Mkenya Kipsang Rotich alimpa sauti kiumbe Nien Nunb kwa lugha za kwao, Kigikuyu kikiwemo, na watazamaji wa Kenya wakawa ndio pekee ukumbini wanaoelewa. Mchuuzi wa mpakani mwenye sentensi tatu, akipewa mtu ambaye Kiswahili ni chake, angefanya kazi kubwa kuliko bango lenye sura ya Denzel.

Tuliwaambia wanafunzi wamwandikie mchuuzi huyo hizo sentensi tatu. Wengi walimfanya auze ndagala, na Nakia apunguziwe bei. Wanafunzi watatu wamekwisha kuiomba nafasi hiyo. Mmoja, wa Buyenzi, alipoambiwa arekebishe matamshi yafanane na ya redio, alikataa: mchuuzi huyo, alisema, ni wa hapa.