Kipimo cha Ugumu katika Vitabu vya Mtandaoni vya Kiswahili: Tahakiki ya African Storybook

Madhumuni ya makala haya ni kuitahakiki hifadhi moja ya vitabu vya watoto iliyomo katika intaneti, kwa jicho la mwalimu wa Kiswahili na la mwanafunzi wa usanifu wa mafunzo. Hifadhi hiyo ni African Storybook, iliyozinduliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, na kujaribiwa kwanza katika nchi za Kenya, Uganda, Lesotho na Afrika Kusini yenyewe. Humo mwalimu hupata, bila malipo, hadithi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Aweza kuzisoma, kuzipiga chapa, kuzitafsiri na hata kuzigeuza, kwa kuwa zimetolewa chini ya leseni huria za Creative Commons.

Manufaa yake hayana ubishi. Mwalimu mwenye kitabu kimoja cha kiada na wanafunzi hamsini hawezi kumdharau ampaye hadithi za ziada. Hata hivyo, wingi wa vitabu si hoja ya kutosha. Swali linalotuhusu sisi wanalugha ni hili: je, ngazi zilizoandikwa juu ya vitabu hivyo zinaupima kweli ugumu wa Kiswahili?

Hadithi hizi zimepangwa katika ngazi tano, kuanzia maneno ya awali hadi hadithi za kusomewa watoto kwa sauti. Kigezo kikuu cha mpango huo ni idadi ya maneno katika ukurasa: kadiri maneno yanavyozidi, ndivyo ngazi inavyopanda. Kigezo hicho ni chepesi kutumia, na kwa lugha kama Kiingereza hakina kasoro kubwa, maana humo neno moja kwa kawaida hubeba dhana moja au mbili. Kiswahili hakiko hivyo.

Tuchukue neno "hatutawasomea". Katika hesabu ya ukurasa hilo ni neno moja tu. Lakini ndani yake mna ukanusho, mtenda, wakati ujao, mtendewa, mzizi wa kitenzi, kauli ya kutendea na kiishio. Yaani mofimu saba, na silabi saba vilevile: ha-tu-ta-wa-so-me-a. Kiingereza huhitaji maneno sita kulieleza jambo hilo hilo. Sasa tulilinganishe na sentensi "Mama ana mbuzi", yenye maneno matatu na silabi sita. Kwa mizani ya maneno, sentensi hii ina uzito mara tatu ya neno lile. Kwa mtoto anayeanza kusoma, mambo ni kinyume kabisa.

Udhaifu wa mizani hii hudhihirika zaidi tukizitazama lugha nyingine za Kibantu. Maana ya neno letu "nawapenda" huandikwa kwa Kisotho cha Afrika Kusini "ke a ba rata", maneno manne. Kwa Kizulu huandikwa "ngiyabathanda", neno moja. Lugha hizi mbili ni jamaa moja kwa muundo. Kinachotofautiana hapa ni desturi ya kuviandika viambishi, ama kwa kuvitenga ama kwa kuviunganisha. Basi hadithi moja yaweza kupanda ngazi katika Kisotho na kushuka katika Kizulu, ingawa mzigo anaoubeba msomaji ni ule ule. Kipimo kinachobadilishwa na nafasi kati ya herufi kinapima tahajia, wala hakipimi lugha.

Huenda ikasemwa kwamba maandishi ya Kiswahili husomeka kwa urahisi, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia kwa irabu na herufi zake hutamkwa karibu kama zilivyoandikwa, na kwa hiyo urefu wa neno hauna madhara. Hoja hii ni nusu ya ukweli. Mtoto aweza kulitamka "hatutawasomea" silabi kwa silabi bila kukwama, na mwalimu akaridhika. Lakini kutamka si kufahamu. Mtoto asiyejua ni nani hatamsomea nani hajasoma, na wepesi wa tahajia yetu ndio unaoficha upungufu wake.

Hapa ndipo taaluma ya usanifu wa mafunzo inapopaswa kutusaidia. Robert Gagné, katika kitabu chake The Conditions of Learning cha mwaka 1965, alisisitiza kwamba stadi ya juu hujengwa juu ya stadi za chini zinazoitangulia, na kwamba mpangaji wa somo hana budi kuzibainisha hizo kwanza. Kwa msomaji wa Kiswahili, stadi hizo ni kuitambua silabi, kisha viambishi vya nafsi, vya wakati, vya ukanusho na vya mtendewa, na hatimaye minyambuliko ya kitenzi. Mwanafunzi wa ualimu anayechagua kitabu kwa lebo ya ngazi peke yake ameiruka kazi hiyo yote.

Tusiilaumu hifadhi kupita kiasi. Inahudumia lugha nyingi, na kipimo chake chaweza kutumiwa na mtu yeyote. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini nguo hii tumepewa pamoja na mkasi na sindano. Leseni ile ile inayoturuhusu kusoma inaturuhusu pia kurekebisha. Kinachokosekana ni mkono wa mwanalugha.

Idara za Kiswahili katika vyuo vyetu zaweza kuanza na kazi ndogo. Wanafunzi wachukue hadithi kumi za ngazi ya kwanza, wahesabu silabi na mofimu za kila neno, wavitenge vitenzi vyenye viambishi vingi, kisha wawasomeshe watoto na kuwauliza maswali ya ufahamu. Hadithi itakayoonekana kuwa imepangwa vibaya ihamishwe ngazi, au iandikwe upya, na toleo hilo lirudishwe kwa walimu. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji elimu ya mofolojia, ambayo twaifundisha kila mwaka na kuiacha katika karatasi za mitihani. Tusipoifanya sisi, ugumu wa lugha yetu utaendelea kupimwa kwa kipimo kisichoijua.