Bisibisi Inakuja Mwisho

Mpwa wangu anafanya kazi kwenye duka la steshenari hapa Bagamoyo. Anatoa fotokopi, anachapa barua, anawasaidia vijana wenzake kutuma maombi ya ajira. Kwa mwaka mmoja na ushei alidunduliza hadi akafikisha shilingi milioni moja na laki mbili, na zote alizikusudia kwa kompyuta ya gemu atakayoiunga mwenyewe, kipande kwa kipande. Nilidhani ufundi nitauona siku ya kufunga skrubu. Kumbe kazi hiyo ilikuwa ya saa mbili tu. Ufundi wenyewe ulikuwa katika wiki tano za kuchagua, na nafurahi kwamba nilikuwapo.

Alianza na monita, jambo ambalo sikulitarajia. "Mjomba, kioo ndicho kinachoamua mengine yote," alinieleza. Aliyoipata ilikuwa ya mtumba, iliyotoka ofisini, yenye pikseli 1920 kwa 1080, na hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Kadi ya michoro ya kutoa picha 140 kwa sekunde ingehangaika bure, maana kioo hicho hakiwezi kuzionyesha. Basi akawa na kipimo mkononi: kadi itakayotoa picha 60 bila kukwama, na isizidi hapo.

Ndipo tukapanda basi la Dar, tukashuka Makumbusho, tukaunganisha hadi Kariakoo. Alikuwa anaitafuta RX 580, kadi ya mwaka 2017 yenye kumbukumbu ya GB 8. Kadi za aina hii nyingi ziliwahi kuchimba sarafu za mtandaoni, usiku na mchana. Ethereum ilipoachana na uchimbaji huo Septemba 2022, zikamwagika kwenye soko la mtumba. Wengine huziogopa. Yeye hakuziogopa wala hakuziamini. Aliyopewa kwanza aliigeuza, akatazama kama vichwa vya skrubu vimechubuka, akainusa karibu na feni, akaomba ifungwe kwenye mashine ya dukani na gemu ichezwe nusu saa nzima. Halafu akachomeka flashi aliyokuja nayo, yenye programu ya GPU-Z, akasoma namba moja. Jina la RX 580 hubebwa na kadi mbili tofauti: ile ya awali ina viini 2304, nyingine ina 2048 na nguvu yake iko karibu zaidi na RX 570. Kadi ya duka la kwanza ilisoma 2048. Akashukuru, akarudisha, tukaondoka. Ya duka la tatu ilisoma 2304. Hapo ndipo alipoanza kuuliza bei.

Lakini kilichonifanya nimheshimu hasa ni pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme kwa vingine. Wanunuzi wengi wa mara ya kwanza hukinunua kifaa hiki kwa pesa iliyobaki mwishoni, na ndicho kinachoweza kuondoka na vingine vyote. Muuzaji alimpa moja iliyoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Kijana akaipima uzito kwa mkono, ikawa nyepesi. Akaigeuza, akasoma maandishi madogo ya kibandiko: kwenye mstari wa volti 12 palikuwa na ampea 18. Kumi na mbili mara kumi na nane ni 216. Wati nyingine zilihesabiwa kwenye mistari ya volti 5 na volti 3.3, ambako kadi ya michoro hainywi kitu cha maana. RX 580 peke yake hutengewa wati 185, prosesa yake 65, bado feni na diski. Akaiacha. Nyingine ilikuwa nzito na nzuri, ila ilikuwa na kile kiswichi chekundu cha nyuma chenye 115 na 230, na kilikuwa kimekaa kwenye 115. Umeme wetu ni volti 230. Kuiwasha vile ni kuichoma. Alikisogeza kwa kucha, akasoma ampea 36 kwenye mstari wa volti 12, na akakubali kuilipia zaidi ya alivyolipia prosesa. Naona alifanya sawasawa kabisa.

Prosesa ni Ryzen 5 2600 ya mwaka 2018, yenye viini sita. Aliichagua kwa sababu ya kiti chake. Soketi ya AM4 ilianza mwaka 2016, na mazabodi ya B450 aliyonunua, ikisasishwa baiosi yake, itaipokea pia Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 siku atakapopata pesa. Chini ya prosesa hiyo kuna pini 1331. Aliwasha tochi ya simu, akazitazama safu kwa safu kutokea ubavuni, jicho moja amelifumba, kama mafundi wa majahazi wa hapa kwetu wanavyotazama unyoofu wa ubao. Mafundi hao kwa mataruma, yaani mbavu za jahazi, hawakunji mti kwa nguvu. Huzunguka wakitafuta tawi lililokwisha kupinda lenyewe kama wanavyotaka.

RAM alichukua mbili za GB 8 badala ya moja ya 16, ili prosesa isome kwa njia mbili kwa pamoja.

Ikabaki kasha, na hapo pwani ikatoa neno lake. Ndugu zetu wa Saadani wanaovuna chumvi kwenye mabwawa wanajua gunia linavyolowa lenyewe hata mvua isiponyesha: chumvi huvuta unyevu hewani. Vumbi lake likitua juu ya mazabodi, unyevu huo hupitisha umeme pasipotakiwa, na shaba huota kutu ya kijani. Kijana aliyakataa makasha yenye vioo na taa za rangi. Alichukua la kawaida lenye matundu mbele, akayafunika kwa kitambaa cha neti anachoweza kukivua na kukifua, na meza akaiweka mbali na dirisha la baharini, ambako kaskazi huingia moja kwa moja kuanzia Desemba hadi Machi.

Kabla hajaiwasha alimfanyia mama yake hesabu ya LUKU: mashine ikila wati 300 kwa saa nne, ni uniti moja na sehemu mbili za kumi. Mama akakubali, kwa sharti la mwisho wa wiki tu.

Mzazi, mwanao akija kuomba hela ya kompyuta ya kuunga mwenyewe, mwulize mstari wa volti 12 una ampea ngapi. Akikujibu na kukuonyesha hesabu, mpe.