Neno Moja, Tafsiri Tatu: Nafasi ya Kijerumani katika Masomo ya Mwanafunzi wa Fasihi ya Kiswahili

Makala haya yanakusudia kujadili suala ambalo halijapewa uzito unaostahili katika idara zetu. Je, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayesomea Kiswahili anapochagua Kijerumani kuwa somo lake la pili, anajifunza nini hasa, na kwa faida ya nani? Jibu linalotolewa mara nyingi ni la kiuchumi. Inasemekana kwamba Kijerumani humfungulia mwanafunzi mlango wa utalii, wa ukalimani na wa ufadhili wa masomo ng'ambo. Hatulipingi jibu hili, kwani elimu isiyomlisha mwenyewe haimfai. Hata hivyo, ni jibu pungufu. Linasahau kwamba sehemu kubwa ya nathari na ushairi wa Kiswahili wa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa karne ya ishirini ilitufikia kupitia mikono ya wahariri wa Kijerumani. Hoja yetu ni kwamba mhakiki asiyeisoma lugha ya wahariri hao huisoma fasihi yake mwenyewe kwa jicho moja.

Historia yenyewe yafahamika, lakini yafaa kuikumbusha. Seminari ya Lugha za Mashariki ilianzishwa Berlin mwaka 1887. Kwa upande wa Kiswahili, kazi yake kubwa ilikuwa kuwaandaa maafisa na wengineo waliokusudia kwenda Afrika ya Mashariki. Wenyeji wa pwani waliajiriwa huko kuwasaidia maprofesa kufundisha, miongoni mwao Amur bin Nasur na, kuanzia mwaka 1900, Mtoro bin Mwinyi Bakari. Kutokana na mazingira hayo tulipata mikusanyo ya C. G. Büttner (1894) na ya Carl Velten (1901, 1903 na 1907). Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu Vita vya Maji Maji ulichapishwa Berlin na A. Lorenz mwaka 1933, na tungo za Lamu alizozikusanya Ernst Dammann zikatoka mwaka 1940. Katika kazi hizi maneno ni ya Waswahili, ilhali dibaji, tafsiri na maelezo ni ya Kijerumani. Nusu moja ya kitabu huzungumza na nusu nyingine, na mwanafunzi wetu husikia upande mmoja tu.

Tuchukue mfano mmoja ili hoja isibaki hewani. Mwaka 1903 Velten alitoa matini ya Kiswahili iliyoitwa *Desturi za Wasuaheli na khabari za desturi za sheri'a za Wasuaheli*. Mwandishi mkuu wa matini hiyo alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mwaka uo huo ilitoka tafsiri ya Kijerumani, *Sitten und Gebräuche der Suaheli, nebst einem Anhang über Rechtsgewohnheiten der Suaheli*. Msomaji ayaweke majina haya mawili sambamba. Katika Kiswahili neno ni moja, *desturi*, nalo limetajwa mara mbili. Katika Kijerumani neno hilo limegawika mara tatu. Kwanza ni *Sitten*, lenye harufu ya maadili na mwenendo. Pili ni *Gebräuche*, yaani matendo yanayofanywa kwa kawaida. Na tatu ni *Gewohnheiten*, yaani mazoea, lililoungwa na *Recht*, ambalo hubeba dhana za sheria na haki pamoja.

Je, haya ni madogo? La hasha. *Sitten und Gebräuche* ni kifungu kilichokwisha kuzoeleka katika maandishi ya Kijerumani yahusuyo mila za watu. Kwa kukitumia, mfasiri anakihamisha kitabu kutoka kwenye baraza la wenyewe na kukitia katika rafu ya elimu ya makabila. Aidha, neno *sheria*, ambalo masikioni mwa Mswahili Mwislamu lina mizizi katika dini na elimu iliyoandikwa, linaunganishwa na mazoea. Yaliyokuwa ya kitabu yanaonekana kuwa ya mazoea tu. Tena sehemu hiyo, ambayo katika Kiswahili imeunganishwa kwa kiunganishi *na*, katika Kijerumani imefanywa kuwa *Anhang*, yaani nyongeza. Hatudai kwamba Velten alikusudia kudunisha. Tunachosema ni kwamba tafsiri ni tahakiki, na tahakiki hii ilifanywa katika dola iliyokuwa na haja ya kuamua sheria ya wenyeji ni ipi na uzito wake ni upi.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii imekwisha kufasiriwa kwa Kiingereza na J. W. T. Allen, ikatolewa mwaka 1981, na kwamba hiyo yatosha. Allen alifanya kazi ya kushukuriwa, na katika jina la chapa hiyo Mtoro ametajwa waziwazi. Lakini Kiingereza chake kinairudisha *desturi* kuwa neno moja, na kwa hiyo ule mgawanyiko wa mwaka 1903 unafichika. Anayesoma Kiswahili na Kiingereza pekee hawezi kujua kwamba pana jambo la kuulizwa.

Mfano wa pili ni kinyume cha wa kwanza. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kufahamika baadaye kwa jina la Emily Ruete, alijifunza Kijerumani ukubwani, baada ya kuondoka kwao mwaka 1866 na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg. Kumbukumbu zake alizichapisha Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani. Huyu hakufasiriwa, aliishika lugha ya wenyeji wake akawajibu kwayo, akiwaeleza yale waliyoyadhania kuhusu maisha ya wanawake wa Kiarabu. Katika semina zetu, hata hivyo, hunukuliwa kwa Kiingereza, na mjadala hujengwa juu ya maneno yasiyo yake. Mwanafunzi wa Kijerumani angeweza kuuliza maswali ambayo tafsiri haiyaruhusu: ni wapi anaandika kama mgeni, ni wapi kama mwenyeji, na ni dhana gani za pwani anazoziacha bila kuzifasiri?

Pingamizi zito zaidi ni la kisiasa: kwa nini tumpeleke kijana kwenye lugha ya watawala wa kale? Mtoro mwenyewe anatoa jibu kwa maisha yake. Alimwoa mwanamke Mjerumani, na waliposafiri mwaka 1905 kurejea Afrika ya Mashariki, serikali ya koloni iliwakataza kuteremka. Akarudi Ujerumani na kufia Berlin mwaka 1927. Dola iliyoyapokea maarifa yake haikumpokea yeye na mkewe pamoja. Kuijua lugha ya dola hiyo hakumaanishi kuitukuza. Carl Meinhof, ambaye kitabu chake cha mwaka 1899 kilijenga msingi wa fonolojia ya Kibantu, ndiye aliyeandika mwaka 1912 juu ya lugha za Wahamiti kwa nadharia iliyopanga lugha na watu kwa madaraja. Aisomaye Kijerumani huweza kupokea la kwanza na kulikataa la pili kwa ushahidi. Asiyekisoma hupokea yote au hukataa yote kwa kusikia.

Tunapendekeza basi kwamba kozi ya Kijerumani kwa wanafunzi wa Kiswahili isiishie kwenye mazungumzo ya hotelini na mafunzo kuhusu sikukuu na miji ya Ujerumani. Mwanafunzi aliyekulia katika ngeli hatashangazwa na upatanisho wa *der*, *die* na *das*. Anao mtaji tayari. Katika mwaka wa pili aanze kusoma aya fupi za *Desturi* sambamba na tafsiri ya Velten. Katika mwaka wa tatu asome sura za Salme, na katika mwaka wa nne maelezo ya Dammann juu ya tungo za Lamu. Walimu wa idara mbili wafundishe kozi hiyo bega kwa bega, kwani hakuna mmoja anayeweza kuimudu peke yake.

Gharama ya mpango huu si kubwa: matini zipo, na walimu wa Kijerumani wapo katika vyuo vyetu kadhaa. Kinachokosekana ni uamuzi. Tusipoufanya, wataendelea kutueleza wengine yaliyoandikwa na babu zetu, nasi tutaendelea kuwanukuu.