Dainamo, Katauti na Mwinuko wa Rungwe

Barabara itokayo Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ikapanda takriban mita 1,000 hadi Tukuyu, kisha ikaelekea Igogwe, humtoa dereva katika joto la bondeni ikamtia katika baridi, mvua na ukungu wa milima ya Rungwe, na aghalabu humlazimu kuwasha taa mchana. Wala sijui njia ifaayo kuliko hii kwa kutafakari namna magari ya zamani yalivyozipimia betri umeme, kwani dainamo ina tabia ya kufuata mwendo wa injini, si haja ya betri.

Tiba ya tabia hiyo iliyoenea Marekani, hata katika Ford Model A ya 1928, ilikuwa kaboni ya tatu, yaani burashi ya tatu ya dainamo. Kaboni mbili zilitoa umeme, na hii ya tatu ikalisha koili za sumaku za dainamo yenyewe. Ampea zilipozidi, uga wa sumaku ulipotoka, kaboni ile ikaambulia volti chache, sumaku ikadhoofu. Ni hikima kubwa, lakini ilikuwa kipofu: betri iliyojaa, kwa kuwa volti zake zi juu, ilisukumiwa umeme mwingi kuliko iliyokwisha, na waya wa betri ukichomoka, volti zilipaa hata taa zikaungua. Lucas wa Uingereza wakampa dereva swichi yenye chaji ya kiangazi na chaji ya kipupwe, utaratibu uliomfaa mtu wa Birmingham kuliko wa Rungwe, akutanaye na majira yote mawili asubuhi moja.

Uadilifu ulikuja na kisanduku cha Lucas, kilichozoeleka katika Land Rover baada ya 1948. Ukikifunua utaona koili mbili. Ya kwanza ni katauti: hufunga njia dainamo ifikapo kama volti 13, na huifungua umeme unapoanza kurudi nyuma, dainamo ya injini iliyozimwa isije ikanyonya betri. Ya pili ndiyo mizani yenyewe. Mizunguko yake mingi ya waya mwembamba hupima volti. Zikizidi, huvuta ulimi wa chuma, ncha zikaachana, na umeme wa sumaku ukalazimika kupita katika kizuizi. Volti zikishuka, springi huurudisha ulimi, mara nyingi katika kila sekunde, hata jicho huona mtetemo tu. Juu ya koili hiyo hiyo imezungushwa mikunjo michache ya waya mnene upitishao ampea zote, ili betri tupu isiielemee dainamo. Na penye springi umetiwa ukanda wa metali mbili ujikunjao kwa joto, ukazipandisha volti baridini na kuzishusha jotoni, ndiyo haja hasa ya betri ipandayo kutoka Kyela.

Lililobaki halikuwa kosa la kisanduku: injini ikinguruma polepole, dainamo haikutoa kitu cha maana, katauti ikafunguka, taa nyekundu ikawaka. Chrysler waliliondoa kwa alteneta katika Valiant ya 1960, na Land Rover katika Series III ya 1971. Diodi zikachukua kazi ya katauti, kwa kuwa hazipitishi umeme kurudi nyuma, na betri ikapata chaji hata gari likisimama ukunguni, taa zinawaka.