Mashahidi wa Kimya wa Gitaa la Kale

Aletapo mtu gitaa la umeme la kale, akalilaza juu ya meza na kunena kwamba ni Stratocaster ya Fender ya mwaka 1963, jambo la kwanza limpasalo mchunguzi ni kuyaondoa macho yake kichwani mwa gitaa hilo, kwa kuwa hapo ndipo palipoandikwa jina, na jina ndilo jambo jepesi kuliko yote kughushiwa. Jina hilo ni utando mwembamba uliobandikwa juu ya mti, na fundi mwenye mkono mwepesi aweza kuubandua na kubandika mwingine baina ya adhuhuri na alasiri. Mbele ya kadhi, shahidi apazaye sauti si lazima awe ndiye mkweli kuliko wenzake; na ndivyo ilivyo kwa gitaa. Ukweli wake hukaa kwa mashahidi wa kimya, waliositirika chini ya bamba, ndani ya maungio na kwenye kisigino cha shingo.

Hadhari hii ina sababu. Stratocaster ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1954 na kampuni ya Leo Fender, katika mji wa Fullerton, California. Januari 1965 kampuni hiyo iliuzwa kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13, na tangu hapo, hatua kwa hatua, sura na utengenezaji wa gitaa hilo vikageuka: kichwa kikapanuliwa kuelekea mwisho wa 1965, vanishi nyembamba ya nitroselulosi ikapisha poliesta nzito mnamo 1968, na mwishoni mwa 1971 shingo, iliyokuwa ikishikwa na parafujo 4, ikaanza kushikwa na 3. Wapigaji wengi na wakusanyaji wakayapendelea magitaa yaliyotangulia mauzo yale. Bei zikapanda, na hila nazo zikapanda pamoja na bei.

Shahidi wa pili mwenye sauti ni nambari iliyochapwa kwenye bamba la chuma, nyuma ya gitaa. Kwa mwaka tunaoudai, nambari yenye herufi L mbele yake ni jambo la kutazamiwa. Lakini mabamba hayo hayakutumiwa kiwandani kwa kufuata utaratibu wa hesabu, hata nambari za miaka jirani zikachanganyikana, na fauka ya hayo bamba lililoshikwa kwa parafujo 4 laweza kuhamishwa kutoka gitaa moja hadi jingine na yeyote mwenye bisibisi. Ushahidi huo husikilizwa, lakini hautoshi kukata shauri.

Hapo ndipo nyuzi zilegezwapo taratibu, parafujo zikafunguliwa, na shingo ikatolewa mahali pake. Kwenye kisigino, ambako mkono wa mpigaji haufiki kamwe, patakuwa na muhuri wa wino, mathalani 2 MAR 63 B: tarakimu 2 ndiyo alama ya toleo la Stratocaster, zinafuata mwezi na mwaka, na herufi B huonyesha upana wa shingo, kiasi cha milimita 41 penye kizingiti cha nyuzi. Lakini tarehe hiyo ni ya shingo peke yake, nalo gitaa zima laweza kuwa lilikamilishwa baadaye. Kisha itazamwe ncha ya shingo, pale ubao wa kuchezea vidole unapokutana na mti wa mepo. Ubao huo ni wa rozwudi, mti ulio wa jamii moja na mpingo wetu. Tangu katikati ya 1959 hadi katikati ya 1962 uligandishwa ukiwa mnene na bapa upande wa chini, na mstari wa maungio ukanyoka. Baada ya hapo ulifanywa mwembamba na wa kupinda upande wa chini, na mstari ukapinda kama upinde. Anayekuonyesha muhuri wa Machi 1963 juu ya shingo yenye mstari ulionyoka amekuletea mashahidi wawili wanaopingana.

Sasa lifunguliwe bamba la plastiki la mbele, ambalo kwa mwaka ule lilikuwa la tabaka tatu, lenye parafujo 11 na rangi nyeupe inayoelekea kijani. Mbao zilizo chini yake aghalabu ni za mti wa alda, nazo zina tundu ndogo za misumari. Kwani hadi mnamo 1964 mafundi walipigilia misumari michache mbaoni kabla ya kupaka rangi, ili kuushika mwili wakati wa kupaka na kukausha, kisha wakaing'oa. Tundu la asili, basi, huonyesha mti mtupu ndani yake. Likijaa rangi, gitaa limepakwa upya, na thamani yake kwa mkusanyaji imeshuka sana, hata kama kila kitu kingine ni sahihi.

Chini ya vitufe vya sauti mna potensiometa, na ubavuni mwa kila moja mna nambari kama 304 6320: tarakimu 304 ni za mtengenezaji, Stackpole, 63 ni mwaka, na 20 ni juma la mwaka. Mfano huu ukikutwa katika gitaa lenye shingo ya Machi, wote wawili waweza kuwa wakweli, kwani juma la 20 huangukia Mei, na shingo ilimsubiri mwenzake. Lakini ikisomeka 6612, itazamwe risasi ya kulehemu. Iking'aa, au ikiwa na alama za kuyeyushwa mara ya pili, kifaa kimebadilishwa na fundi wa matengenezo. Ikiwa haijaguswa tangu kiwandani, basi gitaa haliwezi kuwa limetangulia 1966, liseme lisemavyo bamba la nyuma. Kifaa kisichoguswa hakiwezi kuwa kichanga kuliko gitaa lililokibeba.

Amma ubora, hilo ni swali la pili, na wengi hupotea kwa kulichanganya na la kwanza. Gitaa la 1963 laweza kuwa halisi kwa kila sehemu na bado likawa baya la kupigwa. Pikapu, yaani vinasa sauti vya nyuzi, zipimwe kwa mita: kila moja hutoa kiasi cha kilo-omu 5.5 hadi 6.5, na mita isipoonyesha njia, waya umekatika ndani. Shingo itazamwe kwa jicho moja kutoka kichwani kuona kama imejipinda, na nati ya fimbo ya chuma iliyomo ndani, ambayo katika magitaa haya hufikiwa kisiginoni, ipimwe kama ingali na nafasi ya kukaza. Ikiwa imefika kikomo, shingo haina tiba nyepesi. Freti ziangaliwe kina cha mikwaruzo yake. Mwisho, uzi uguswe kidogo tu juu ya freti ya 12, kisha ubanwe hapo hapo; sauti mbili zisipolingana, na urekebishaji wa vitandalio vya nyuzi usisaidie, kuna kasoro iliyo ndani zaidi.

Baada ya yote hayo, jawabu la adili kwa mwenye gitaa haliwi neno moja, halisi au ghushi. Huandikwa hivi: shingo ya Machi 1963, mwili wa zama zile uliopakwa rangi upya, potensiometa moja iliyobadilishwa, pikapu tatu zilizo hai, freti zilizokwisha nusu. Mnunuzi atajua anacholipia, na muuzaji hatakuwa amedai zaidi ya alicho nacho. Kisha parafujo zirudishwe kwa mkono, kila moja katika tundu lake ilimotoka, ili atakayelifungua baada yetu awakute mashahidi mahali pale pale tulipowakuta.