Harufu ya Kupanda, Harufu ya Kushuka

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi, na katika kilomita hizo inakupandisha karibu mita 1,000, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Mtu aliyeizoea anaweza kukaa pale Mombo, akafumba macho, akakwambia gari linaloegeshwa limetoka wapi. Lililoshuka kutoka Lushoto linanuka breki. Lililojaribu kupanda likashindwa, likageuza, linanuka klachi.

Fundi ninayemwandika hapa anafanyia kazi Mombo, chini ya mwembe. Gereji yake ni mwembe huo, mbao mbili za kulalia na sanduku la spana. Kwa miaka mingi nilikuwa namwona tu nikipita. Siku nilipompelekea pikapu yangu ndipo nilipokaa kutwa nzima nikimtazama, na sijaona bado kazi ya mikono iliyonifurahisha kuliko ile.

Nilikuwa nimebeba mifuko kumi ya saruji. Sijafika Soni, njiani kwenda Lushoto, kwenye mwinuko, injini ikaanza kupiga kelele kama inayokwenda mbio, lakini gari lenyewe likawa linajikokota. Nikakanyaga mafuta, kelele ikazidi, mwendo ukabaki palepale. Kisha ikaja harufu: gunia la katani lililotupwa motoni, kavu, kali, inayokaba koo. Kwa mtu wa Tanga harufu hiyo haihitaji maelezo. Nikaegesha, nikasubiri ipoe, nikarudi chini taratibu kwa gia ya pili. Moyoni nilishakubali kwamba klachi pleti imekwisha, na kilichoniuma ni kwamba ilikuwa mpya. Nilibadilishiwa miezi minne tu nyuma, katika gereji moja ya mjini.

"Shikamoo, Mzee. Klachi imeungua."

"Marahaba, mwanangu. Imeungua au inanuka?"

Sikuwa na jibu, na swali lile ndilo lililonifanya nivute kigoda.

Klachi pleti ni sahani iliyobanwa katikati ya flaiwili ya injini na presha pleti. Ikibanwa sawasawa, vyote vitatu vinazunguka kama kitu kimoja na hakuna kinachosuguana. Ukikanyaga klachi unailegeza, ukiachia unaibana tena, na katika ile nafasi ndogo kati ya kulegea na kubana, lazima iteleze. Hakuna gari la gia linaloondoka bila kuisugua. Hata kwenye tambarare, ukiondoka huku injini ikizunguka kasi ileile, nguvu inayogeuka joto kwenye pleti ni sawa na ile inayolipa gari mwendo. Lakini huo ni msuguano wa sekunde moja au mbili, na pleti imeumbwa kuuvumilia. Ikiteleza dakika nzima mlimani, gundi iliyoushika uso wake huanza kuungua, na hiyo ndiyo harufu. Basi harufu inakupa habari moja tu, kwamba klachi imeteleza. Kwa nini imeteleza, na kama ingali hai, hayo unayatafuta mwenyewe.

Breki nazo zinaishi kwa msuguano wa vitu vya ukoo huohuo, ndiyo maana harufu zao ni ndugu. Inasimuliwa kwamba Mwingereza Herbert Frood, aliyeanza kutengeneza vitambaa vya breki mwaka 1897, alipata wazo kwa kuwatazama waendesha mikokoteni ya farasi wa Derbyshire wakipachika viatu vikuukuu kwenye breki zao ili miteremko isiwashinde. Klachi nyingi za magari ya mwanzo nazo zilivikwa ngozi, na ngozi hiyo ilipakwa mafuta isikakamae. Huwa navikumbuka viatu vile kila ninaposhuka Soni.

Mzee hakugusa spana. Aliuliza. Inanuka asubuhi ikiwa baridi, au baada ya mwendo? Ukiachia kanyagio, inashika karibu na sakafu au juu kabisa? Mguu wa kushoto unaupumzisha wapi? Hili la mwisho aliliuliza huku ameinama ndani, akiitazama raba ya kanyagio, kwa maana dereva anayelaza mguu juu ya klachi huila raba hiyo kabla ya wakati wake, na mdomo wake hata ukikana, raba inakiri. Niliposema asubuhi iko salama, inaanza ikishapata moto, akakifunga kifuniko cha sanduku alichokuwa ameanza kukifungua.

"Basi twende ikapate moto."

Tukapanda, saruji ikiwa bado nyuma. Aliketi kando yangu kioo kimeshushwa, vidole viwili vimelala juu ya mti wa gia, kimya. Mwinuko wa kwanza ukapita salama, wa pili salama. Wa tatu, kabla mimi sijasikia lolote, akasema, "Simama hapo. Zima." Akashuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akarudi akalibonyeza kanyagio kwa mkono. Kwa kawaida pale juu pana mchezo kidogo, kanyagio linashuka milimita chache bila kusukuma kitu. Langu halikuwa na mchezo hata wa kucha. Akajitupa chini ya gari na spana ndogo, akailegeza nati ya kutolea upepo kwenye silinda ya chini ya klachi. Hakuna aliyekuwa amekanyaga kitu. Mafuta yakaruka mstari mmoja mwembamba, yakampiga mkononi, yakakatika.

"Washa, panda."

Pikapu ikapanda kama imetoka dukani.

Alinieleza akiwa bado anajifuta. Ukikanyaga klachi, fimbo ndogo nyuma ya kanyagio inasukuma pistoni ndani ya masta silinda. Ukiachia, pistoni inatakiwa irudi mpaka mwisho, ifungue kitundu ambacho mafuta hupitia kurudi kwenye kikopo chake. Aliyenifungia pleti mpya aliirefusha ile fimbo kupita kiasi. Pistoni hairudi yote, kitundu hakifunguki. Asubuhi hakuna tatizo. Injini ikipata moto, mafuta yanavimba, hayana pa kwenda, yanaisukuma silinda ya chini, na ile inaanza kuikanyaga klachi yenyewe, kidogo kidogo, bila mguu wa mtu. Klachi inalegea, inateleza, inatoa joto zaidi. Fundi mwingine angeshusha gia boksi, akaweka pleti nyingine, na miezi minne baadaye ningekuwa tena kando ya barabara.

Hakukubali kurekebisha fimbo wakati ule. Alitaka ipoe kwanza ndipo apime. Tukarudi mwembeni, ikakaa kivulini, na mimi nikapata saa mbili za kuitazama Hiace ya mteja mwingine.

Hiace ile klachi yake ilikuwa imekufa kweli. Gia boksi lilishateremshwa, limelala juu ya gunia. Mzee hakuruhusu vijana wake wapulize vumbi kwa upepo wa pampu. Alilifuta kwa kitambaa kilicholowa maji, polepole, akakitupia kitambaa kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga. Pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo ni sumu ya mapafu, na katika soko letu huwezi kuapa kila pleti imetoka wapi. Kisha akazilegeza bolti sita za presha pleti, nusu mzunguko hapa, nusu mzunguko upande wa pili, akizunguka kwa msalaba ili isipinde. Pleti ilipotoka, ilikuwa imelika mpaka kwenye ribiti. Usoni mwa flaiwili palikuwa na madoa ya buluu iliyochanganyika na zambarau, na chuma hakipati rangi hiyo mpaka kikaribie nyuzi joto 300. Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya madoa, akitafuta ufa. Ukucha ungenasa, flaiwili ingepelekwa kukerezwa. Haukunasa.

Halafu akafanya jambo ambalo bado naliona. Alipitisha kidole chini ndani ya nyumba ya klachi, kikatoka na unyevu mweusi. Akakinusa. Akakipeleka puani kwa kijana wake wa miaka kumi na minane hivi.

"Oili ya wapi?"

"Ya injini, Mzee."

"Nusa tena."

Kijana akafumba macho. "Kuna kiberiti ndani."

"Eeh. Basi ya wapi?"

"Ya gia boksi."

Oili ya gia hutiwa dawa zenye salfa, ndiyo maana ina ule ukali wa kiberiti, na oili ya injini haina ukali huo. Tofauti hiyo ya harufu inaamua sili ipi ibadilishwe, ya nyuma ya injini au ya mbele ya gia boksi. Mwenye Hiace alikuwa na haraka, abiria walikuwa wanamsubiri, alitaka pleti tu. Mzee akamwambia kwa upole kwamba pleti mpya ikilowa oili itateleza kama ile ya zamani, na kwamba yeye hawezi kuifunga akijua hivyo. Kijana akatumwa dukani. Sili ni kipande cha mpira na bati cha bei ndogo kabisa, na kwa ajili yake kazi nzima ilisimama, na hakuna aliyemwona Mzee akitazama saa.

Kabla ya kuishika pleti mpya alinawa. Alinawa kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko, akajikausha, akaishika pleti kingoni tu, kama mtu anavyoshika sahani ya mgeni. Katikati alipaka grisi kiasi cha punje ya dengu, akafuta iliyozidi, kwani grisi nyingi hurushwa na mzunguko ikaangukia palepale panapotakiwa kuwa pakavu. Kuiweka sawa katikati alitumia shafti ya gia boksi lililokufa zamani, ambayo imeng'aa kwa kushikwa miaka na miaka. Bolti zikarudi kwa msalaba, nusu mzunguko nusu mzunguko. Vijana wakalinyanyua gia boksi, yeye akiwa chini analiongoza kwa kiganja, na likaingia mara moja, kama kisu kwenye ala yake. Nimeona katika magereji mengine watu wanne wakikitikisa kitu hicho nusu saa, wakitukana.

Zamu yangu ilipofika, aliweka kiganja kwenye nyumba ya klachi na kukiacha hapo. Imepoa. Akalegeza nati, akaizungusha fimbo, akapima mchezo wa kanyagio kwa rula ya mwanafunzi, akaizungusha tena kidogo, akapima tena. Tukatoa upepo: "Kanyaga. Shikilia. Achia." Mwisho akanifanyisha jaribio moja. Handibreki juu, gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini ikatetemeka, ikazimika. Ingeendelea kunguruma, maana yake klachi bado inateleza. Nilipotaka kurudia nione tena, akanizuia, maana jaribio lenyewe linaichosha klachi.

Akapanda nami hadi Soni. Kona za kwanza harufu ilikuwapo bado, nikamtazama. Akasema ni vumbi la zamani linatoka, nisubiri. Tulipokaribia maporomoko ya Soni nikagundua nanusa majani mabichi na moshi wa kuni wa watu wanaopika. Pale Soni akashuka, akainama karibu na tairi la mbele, akavuta pumzi mara mbili, akanipigia bodi kwa kiganja niende. Alikataa nimrudishe. Lori la kabichi lilikuwa linateremka, akalisimamisha. Kabla hajakanyaga ngazi ya kupandia, aligeuza pua upande wa magurudumu ya nyuma, akamwambia dereva:

"Breki hizo, mwanangu. Zima, tukae kidogo."

Nilipowaacha walikuwa wameketi kwenye jiwe, Mzee akimuuliza dereva alikuwa anashuka na gia ya ngapi.