Mtihani wa Kidato cha Pili Unapima Nini Hasa?



Kila matokeo ya kidato cha pili yakitoka kule Tanzania, sisi tulio mbali tunafanya yale yale. Tunapiga simu nyumbani, tunauliza "mtoto kapataje?", tunatajiwa alama, halafu tunatoa hukumu: huyu ana akili, yule mvivu. Leo naomba tumwache mtoto kwanza, tuuhukumu mtihani wenyewe. Maana mtihani nao ni maandishi kama maandishi mengine. Una watunzi wake, una lugha yake, na una kasoro zake.

Hoja yangu ni moja. Mtihani huu unauliza maswali mawili kwa mpigo, halafu unatoa jibu moja. Unauliza "unajua baiolojia?" na papo hapo unauliza "unajua Kiingereza?" Mtoto akipata 22 kati ya 100, hakuna anayejua ameshindwa lipi. Si mwalimu, si mzazi, wala si wizara.

Chukueni mtoto wa Nachingwea au wa Kahama aliyesoma shule ya msingi ya serikali. Sayansi kaisoma kwa Kiswahili. Usanisinuru anaujua, atakueleza kwamba jani linahitaji mwanga, maji na hewa ukaa ili mmea ujitengenezee chakula. Anaingia kidato cha kwanza, mambo yote yanageuka. Jani ni lile lile, jua ni lile lile, ila sasa yanazungumzwa kwa lugha ambayo nyumbani haisikii na sokoni haisikii. Miaka miwili baadaye anakaa kwenye mtihani wa taifa na swali linamtaka aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Maneno yake mwenyewe anayo! Lakini ni ya Kiswahili, na hapo hayakubaliki. Basi anaandika kipande alichokariri ubaoni, au ananakili maneno ya swali, au anaacha wazi. Msahihishaji anaweka sifuri. Kwa mujibu wa mwongozo wa kusahihisha, sifuri ile ni halali kabisa. Kama habari kuhusu mtoto, ni uongo.

Kuna watakaosema hili ni jambo jipya, limeletwa na shule za kata. Si kweli. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walifanya uchunguzi na kuonyesha kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi kilikuwa duni kiasi cha kutowawezesha kujifunzia masomo mengine. Na ni mwaka huo huo wa 1984 ndipo mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulipoanzishwa. Tafakarini hapo. Mwaka ule ule tulioambiwa watoto hawaielewi lugha, tuliamua kuwachuja kwa lugha hiyo hiyo.

Tangu hapo mjadala wetu umekuwa wa chekeche. Matundu yawe mapana au membamba? Mwaka 2008 serikali ikasema aliyeshindwa asizuiwe, aendelee kidato cha tatu. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yakaja na sifuri zaidi ya asilimia 60, nchi nzima ikapiga kelele, Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakapangwa upya. Wengi wakasema "mnaona, kwa sababu mliondoa mchujo!" Wakati huo mchujo ulikuwa umesharudishwa, mwaka 2012, aliyeshindwa arudie darasa. Sawa, arudie. Lakini arudie nini? Kama kilichomwangusha ni lugha, na mwaka wa pili anakaa dawati lile lile akisikiliza lugha ile ile kwa mwalimu yule yule ambaye naye inampa shida, tumemtibu nini? Tumebishana miaka 40 juu ya matundu ya chekeche, bila kuuliza tunachekecha nini.

Na msidhani hili halijulikani. Baraza la Mitihani lenyewe, NECTA, hutoa vitabu vya uchambuzi wa majibu ya wanafunzi, somo kwa somo. Visomeni. Miongoni mwa sababu za kushindwa zinazojirudia ni hizi: mwanafunzi hakuelewa swali linataka nini, na umahiri wake wa Kiingereza ni mdogo. Yaani mpimaji mwenyewe anakiri kwa maandishi kwamba mizani yake imepima kitu kingine. Kisha mwaka unaofuata anaitumia mizani ile ile.

Mimi hapa Uingereza nafanya kazi ya usaidizi darasani katika shule ya sekondari, na watoto wageni wa lugha nawaona kila siku, Wasomali, Waafghani, na Waswahili wenzetu wachache. Sisemi huku ni peponi. Mitihani ya taifa ya umri wa miaka 14 ilifutwa mwaka 2008, ngazi za kitaifa za kupimia nazo zikaondolewa 2014, na leo kila shule ina vipimo vyake. Mzazi analetewa ripoti ya maneno matamu asiyoyaelewa. Lakini kuna jambo moja dogo la akili. Mtoto mgeni hupimwa Kiingereza chake peke yake, kwa daraja kuanzia A la anayeanza hadi E la aliyebobea. Serikali iliacha kukusanya takwimu hizo mwaka 2018, ila shule nyingi bado zinatumia vipimo vya namna hiyo. Kwa hiyo mwalimu wa hisabati akiona alama ndogo, kabla ya kusema "hajui" anaangalia kwanza daraja la lugha. Ajabu ni kwamba huku mtoto wetu ni mgeni na anahesabiwa ugeni wake. Kwao, katika nchi yake, anapimwa kana kwamba amezaliwa na Kiingereza.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza, "Kiingereza ndiyo lugha ya dunia." Sina ugomvi nacho, ndicho kinachonilipia kodi ya nyumba. Basi kipimwe kwenye karatasi ya Kiingereza, na kifundishwe vizuri. La pili, "Kiswahili hakina istilahi." Jamani! TUKI walitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Na mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili, kwa hiyo inawezekana wakitaka. La tatu ndilo linaloniudhi zaidi: "Mbona sisi tulipita?" Tulipita, ndiyo. Lakini tulioangusha nyuma yetu hawapo hapa kutoa ushahidi wao, na hawapo kwa sababu hiyo hiyo.

Sera ya elimu ya 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili ngazi zote. Toleo la 2023 likabakisha sekondari kwenye Kiingereza. Sawa, sera hatuitungi sisi. Lakini mtihani unaweza kurekebishwa bila kungoja sera. Swali liandikwe kwa lugha zote mbili, sambamba. Mtoto wa kidato cha pili aruhusiwe kujibu kwa lugha anayoiweza. Umahiri wa Kiingereza upewe alama yake peke yake, ili shule ijue pa kuanzia. Hapo mtoto akipata 22 ya baiolojia nitakubali, hajui baiolojia, arudie.

Mpaka siku hiyo, ndugu zangu, mkipiga simu nyumbani msiishie kuuliza kapata ngapi. Mwambieni akuelezeni jambo moja alilojifunza, kwa Kiswahili. Halafu linganisheni na karatasi ya matokeo.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo, nipo.